Siku Nyati Alipopokea Kazi ya Chura

Hapo zamani za kale, wakati mlima ulikuwa bado na baridi yake yenyewe, wanyama wa Mlima Ulunga waliishi kwa ghorofa. Msicheke. Ghorofa ya kwanza ilikuwa nyika. Ya pili ilikuwa msitu wa miti mikubwa. Ya tatu ilikuwa msitu wa ukungu. Ya nne ilikuwa jiwe tupu la kijivu, na juu ya jiwe hapakuwa na kitu isipokuwa anga.

Kila mmoja alijua mlango wake. Twiga alikaa nyikani. Nyati, Nguruwe na Tembo walikaa ghorofa ya pili. Huko juu kwenye ukungu walikaa wadogo, wale ambao ukitaka kuwaona lazima upige magoti kwanza.

Mmoja wao alikuwa Sange. Mnamjua Sange? Ni mnyama anayeenea katika viganja viwili, miguu myembamba kama njiti, na pua ndefu inayochezacheza kama inayonusa habari. Wageni wote walimwita panya, naye aliwasahihisha wote, mmoja baada ya mwingine, bila kuchoka.

"Mimi si panya. Panya ana pua kama hii? Tazama vizuri."

Sange alikuwa na vijia saba msituni. Kila asubuhi alivifagia kwa miguu yake ya mbele, fya! fya! fya!, jani hili kulia, jani lile kushoto. Akimaliza cha saba, alirudi cha kwanza kukagua. Jani moja likibaki njiani, uji ulimkaa kooni. Majirani walimcheka, lakini mwewe alipotokea, Sange alikimbia kwenye njia safi bila kujikwaa, fyuu! Na mchwa walipovuka, aliwaona mara moja, akawala wote.

Jirani yake wa kulia alikuwa Shangazi Chura. Huyu aliishi kwenye kinamasi, na ngozi yake ilikuwa laini kiasi kwamba ilipaswa kuwa na maji saa zote. Jirani wa kushoto alikuwa Nyuki, pamoja na dada zake ambao hakuna aliyewahi kumaliza kuwahesabu isipokuwa Sange.

Na miti ya huko ilikuwa na ndevu. Ndevu kweli, za kijani na kijivu, zinazoning'inia kwenye matawi. Ukungu ulipokuja mchana, ndevu ziliunywa, kisha zikaudondosha chini, to, to, to, na matone hayo yakawa kijito. Wadogo hawakuwa na kisima kingine.

Sasa, sikilizeni. Joto likaanza kupanda mlima.

Lilipanda polepole, mwaka huu hatua moja, mwaka ujao mbili. Hakuna aliyeliona likipita. Waliona tu wale waliokuwa wakilikimbia. Kwanza walikuja mbu, ambao zamani baridi ya huko iliwaua kabla hawajauma mtu. Shangazi Chura akafurahi, kwa kuwa yeye alidhani ni chakula kimeongezeka. Sange hakufurahi. Usiku alilala na jicho moja wazi, akijiuliza nani atafuata.

Asubuhi moja akapata jibu.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Puu! Kabla mtu hajaitika, Nguruwe alikuwa tayari ameingia na amelala katikati ya kijia cha tatu.

"Karibu," alisema Sange. "Lakini umelalia njia."

"Njia gani? Mimi naona udongo."

"Ndiyo njia yenyewe. Imefagiwa."

"Basi asante kwa kunifagilia, panya."

"Mimi si panya."

"Sawa, panya." Nguruwe alifumba macho. "Aaah! Baridi! Huko chini, mwanangu, ardhi inakaanga. Nachimba mizizi, natoa vumbi. Tope limekwisha. Unamjua nguruwe asiye na tope? Anaokwa kama mkate."

Sange akamhurumia. Hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake: aliwahangaikia hata wale waliomlalia njia.

"Utakaa siku ngapi?" aliuliza.

"Nipo," alisema Nguruwe, akaanza kukoroma.

Siku ya pili, ndi! ndi! ndi! Nyati akaja na wake zake na watoto wake, kumi na wanane kwa hesabu ya Sange. Nyati hakubisha hodi. Aliuchagua mti wenye ndevu nyingi kuliko yote, akajikuna pembe zake, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka ndevu zote zikawa chini. Akahamia mti wa pili.

Siku ya tatu akaja Bibi Tembo, peke yake, akitembea kama mtu anayekumbuka kila jiwe. Alisimama mbele ya Sange, akainama.

"Shikamoo, Bibi," alisema Sange.

"Marahaba. Pua hiyo nimeiona wapi?"

"Ni yangu, Bibi."

"Hm." Tembo aliunyoosha mkonga wake mpaka ncha yake ikagusana na ncha ya pua ya Sange. "Ni yetu. Hujambo, mjukuu wangu?"

"Sijambo," alisema Sange, na usiku ule, kwa mara ya kwanza juma lile, akafumba macho yote mawili.

Lakini kijito kilikuwa kimeanza kuwa chembamba.

Siku ya tano Nyati akaita baraza. Wakubwa walikaa mbele. Wadogo walikaa nyuma, ambako hawakuona kitu ila makalio.

"Jamani," alisema Nyati, "tumebanana. Nikigeuka huku namkanyaga mtu. Nikigeuka kule nasikia 'kro!' chini ya kwato. Hayo si maisha. Kwa hiyo nimeamua. Wadogo wote wapande juu."

"Juu ni wapi, Mjomba?" aliuliza Sange kutoka nyuma.

"Juu ni juu."

"Juu kuna jiwe. Baada ya jiwe kuna anga. Nani kati yetu ana mabawa?"

"Mimi ninayo," alisema Nyuki.

"Nyuki, hebu nyamaza kidogo."

Nyati alipuliza pumzi puani. "Mimi mwenyewe joto lilinifukuza kwangu. Mliniona nikilia? Nilisogea hatua moja. Nanyi sogeeni hatua moja. Hiyo ni haki sawa kwa wote."

"Ni haki kwa wa kwanza," alisema Sange. "Wa mwisho anasogea kwenda wapi?"

"Wewe panya unapenda maswali! Kesho kutwa, jua likichomoza, nataka nyumba tupu. Baraza limefungwa."

Makalio yakainuka, yakaondoka.

Shangazi Chura alibaki amekaa pale pale. "Mimi kwenye jiwe?" alisema. "Kabla jua halijapinduka nitakuwa ganda." Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayesema kwamba kesho ni Jumanne.

Sange alivikimbia vijia vyake saba, kisha akavikimbia tena, tip-tip-tip-tip. Aliporudi, alimkuta Nyuki ameita mkutano chini ya jani.

"Tuwapige!" alisema Nyuki. "Mimi na dada zangu tuko elfu nne."

"Elfu nne mia mbili na sita," alisema Sange. "Na ukimchoma mtu, unakufa."

"Ndiyo. Lakini atajua kwamba nimekufa!"

"Ngoja." Sange alikaa chini. "Kila mmoja aniambie anafanya kazi gani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Msiruke kitu. Shangazi, wewe?"

"Mimi nakaa," alisema Chura.

"Basi?"

"Nakaa, nafungua mdomo, nafunga mdomo."

"Ukifunga, ndani kuna nini?"

"Mbu."

"Wangapi kwa siku?"

"Mtoto wewe! Nani anahesabu chakula chake?"

"Mimi," alisema Sange. Siku iliyofuata alikaa kando ya kinamasi akahesabu, na kufikia saa sita mchana Chura alikuwa amemeza mia mbili na kumi na wanne. Lakini siku ile ile, chini ya jani, aliendelea kuuliza: "Na wewe, Nyuki?"

"Naingia kwenye ua, najipaka unga wake, natoka, naingia ua jingine, nauacha. Kazi ya kitoto."

"Usipoifanya?"

"Ua linaanguka. Tunda hakuna."

"Na Nguruwe huku kwetu anakula nini?"

"Matunda," alisema Nyuki.

Pua ya Sange ikaanza kucheza, kushoto, kulia, kushoto.

Kesho kutwa ikafika. Jua lilipochomoza, Sange alisimama mbele ya Nyati akiwa ameshika ufagio mdogo aliokuwa ameufunga usiku kwa majani makavu. Miguu ilimtetemeka, ila kwa kuwa miguu ya Sange hutetemeka kila siku, hakuna aliyegundua.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mmefunga mizigo?"

"Tumefunga. Tunahama kwa moyo mkunjufu kabisa. Limebaki jambo dogo tu, makabidhiano."

"Makabidhiano gani?"

"Lo! Mjomba, mkubwa kama wewe hujui? Ndiyo desturi ya huku juu. Anayepokea nyumba hupokea na kazi zake. Akizimudu, nyumba ni yake na watoto wake. Akishindwa, anairudisha kwa wenyewe na haiombi tena." Sange alishusha sauti. "Ila ukiona ni nzito, usijali. Tutamwita Twiga, pengine yeye..."

"Twiga!" Nyati alipiga kwato chini, ndi! Wake zake wote wakageuka kumtazama. "Twiga anayeogopa kuinama anywe maji? Kazi za wadudu hawa nazimudu nikiwa nimelala!"

"Unaapa?"

"Naapa kwa pembe zangu!"

"Mmmm," waliguna wake zake kwa pamoja.

Nyati akiapa kwa pembe mbele ya wake zake, harudi nyuma. Akirudi, huondoka kundini na kwenda kukaa na vizee wasio na meno, akitafuna majani peke yake mpaka kufa. Sange alilijua hilo. Ndiyo maana alikuwa amengoja mpaka wake wote waamke.

Basi akagawa kazi. Nyati apokee kazi ya Chura: akae kwenye kinamasi bila kutikisika na kukamata mbu kwa ulimi, mmoja mmoja. Nguruwe apokee kazi ya Nyuki: atembelee maua bila kuangusha hata moja. Bibi Tembo alimtazama Sange kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nipe ufagio."

"Lakini sikia," alisema Nyati. "Nimesema nyumba tupu. Sitaki kuona mdogo hata mmoja humu mpaka jua lizame. Nendeni kwenye jiwe. Sasa hivi."

Hilo Sange hakuwa amelipanga. Alidhani wangengoja chini ya majani, penye unyevu. Pua yake ikasimama ghafla. Lakini angesema nini? Angeonekana hataki kuhama.

"Twendeni," alisema.

Juu ya jiwe jua lilikuwa jeupe. Sange alimfunga Shangazi Chura kwa ndevu za miti zilizoloa maji, tabaka tatu, mpaka yakabaki macho tu.

"Utavumilia mpaka lini, Shangazi?"

"Mpaka hizi zikauke."

"Ukungu huja saa nane," alisema Sange.

"Ulikuwa ukija saa nane," alisema Chura.

Wakakaa, wakatazama chini.

Nyati alikuwa amelala kwenye kinamasi, chubwi, mdomo wazi kama mlango wa ghala. "Aaaaa," alisema, akingoja mbu waingie. Nyiiii! Mbu wakaingia. Waliingia puani. Waliingia masikioni. Mmoja akaingia mdomoni, Nyati akaufunga kwa nguvu, kap!

"Ala! Ulimi wangu!"

"Umempata?" aliuliza mke wake mkubwa.

"Dimepata ulimi!"

Kando ya kinamasi Nguruwe alikuwa kwenye kichaka cha maua meupe, madogo kama ukucha wa Sange. Alisogeza pua polepole. Akanusa. Unga wa maua ukampanda puani.

"Ha... ha... haaa-chyaa!"

Tawi zima likabaki tupu.

"Hayo tusiyahesabu," alisema Nguruwe. Akasogea kwenye tawi jingine, akafungua mdomo kidogo tu, kisha akajilamba. "Moja."

"Umelila," alisema Bibi Tembo, aliyekuwa akipita na ufagio.

"Nimelitembelea."

"Umelimeza, Nguruwe. Nimeona."

"Nimelitembelea kwa ndani, Bibi. Kila mtu na namna yake."

Huko juu Nyuki alicheka mpaka akaanguka chali. Hata Shangazi Chura alitoa sauti kidogo ndani ya ndevu. Sange peke yake hakucheka. Alikuwa akiangalia rangi ya ndevu. Tabaka la juu lilikuwa limepauka, na ukiligusa lilisema kwacha.

Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Saa nane ikafika, na bonde lilikuwa wazi, jeupe, bila hata uzi mmoja wa ukungu.

"Utakuja," alisema Sange.

Saa tisa.

"Shangazi?"

Chura alifumba jicho moja na kulifumbua.

Sange akateremka, fyuuuu! Hakukumbuka kama kijia alichopita kilikuwa na majani au hakikuwa nayo. Alisimama ukingoni mwa kinamasi. Uso wa Nyati ulikuwa umevimba. Macho yamekuwa mistari miwili, midomo imekuwa mito ya kulalia.

"Hongera, Mjomba!" alisema Sange akihema. "Umekamata wangapi?"

"Wanne."

"Vizuri sana kwa siku ya kwanza! Kesho utapata sita."

Mistari miwili ikafunguka kidogo. "Kesho?"

"Kesho, kesho kutwa, na siku zote. Sikukuu pia. Shangazi Chura hajapumzika tangu alipopoteza mkia. Ulidhani ni ya siku moja?"

Nyiiii, walisema mbu.

Sange aliona maneno yamemwingia. Alingoja aseme "nimeshindwa". Nyati alifungua mdomo. Akawatazama wake zake, waliokuwa wamejipanga ukingoni wote, wakitafuna taratibu na kumtazama. Akaufunga tena.

"Nimeapa kwa pembe," alisema. "Sirudi nyuma."

"Mjomba, sema tu umeshindwa."

"Siwezi."

"Chura anakauka kule juu! Tafadhali. Amebakiza muda mdogo sana."

"Siwezi, mtoto wee!" Sauti ya Nyati ilikatika. "Huoni wanavyonitazama?"

Hapo Sange akaliona kosa lake lote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kamba aliyomfungia Nyati ilikuwa imemfunga na Shangazi. Kila kitu alikuwa amekihesabu, mbu na maua na wake na dada zake Nyuki, ila hakuhesabu aibu ya mtu mkubwa, wala ukungu usiofika.

Chwaa! Bibi Tembo akautupa ufagio chini.

"Mimi," alisema, "nina miaka sitini na mmoja kwenye mlima huu. Nimeona nyumba zikihamwa na zikipokewa. Makabidhiano ya namna hii sijawahi kuyasikia."

Mataya ya wake wa Nyati yalisimama.

"Yaani nimepiga chafya bure?" aliuliza Nguruwe.

Nyati akainuka polepole kutoka kinamasini, tope likimchuruzika mbavuni. Alimwendea Sange mpaka pumzi yake ikamlaza manyoya.

"Panya. Umeyabuni?"

Sange alikuwa na uongo wa aina tatu, ameupanga vizuri kichwani, wa kwanza ukiwa bora kuliko wote. Angeanza kuusema, angeumaliza jua likizama. Wala hakusema kwamba yeye si panya.

"Nimeyabuni," alisema. "Makabidhiano nimeyabuni, Mjomba. Mbu sikuwabuni."

Nyiiii, mbu mmoja alisema sikioni mwa Nyati.

"Kiapo chako sasa hakipo, kwa maana desturi yenyewe haipo. Waweza kutufukuza sasa hivi na hakuna wa kukuzuia. Lakini kesho asubuhi mbu watakuja, na Chura hatakuwepo, wala hatakuwepo wa kumfuata. Nguruwe! Leo umetembelea maua mangapi?"

"Kumi na moja," alisema Nguruwe.

"Yako wapi?"

Nguruwe aliliangalia tumbo lake, halafu akaangalia pembeni.

"Mwezi ujao utakula matunda ya wapi?"

Akageukia kichaka cha maua, akayahesabu machache yaliyobaki.

Nyati angeweza kuinua kwato moja tu, na hadithi ingeishia hapo. Sange aliiangalia ile kwato. Aliona ilivyozama kwenye udongo, akaona haiinuki.

"Huyo Chura," alisema Nyati mwishowe, "yuko upande gani wa jiwe?"

Bibi Tembo hakungoja jibu. Alitumbukiza mkonga kwenye kijito, svuuuu, na kwa kuwa kijito kilikuwa chembamba ilimbidi avute mara mbili zaidi. Kisha akapanda, hatua kubwa kubwa, Sange akikimbia mbele yake kumwonyesha njia. Nyuki alikuwa bado anapepea mabawa juu ya macho ya Chura, vuu-vuu-vuu, kama feni ndogo.

Pwaaaa!

Maji yakamfunika Chura. Ndevu zikageuka kijani. Ndani yake hakuna kilichotikisika.

"Tena, Bibi," alisema Sange.

"Mkonga umekwisha maji, mjukuu."

Wakangoja. Sange alihesabu, kwa sababu hakujua kufanya kitu kingine. Alifika thelathini na nane.

"Kro," zilisema ndevu.

"Shangazi!"

"Mmechelewa," alisema Chura. Akatoa mguu mmoja, akautazama, akauingiza tena. "Nirudisheni nyumbani. Taratibu. Msinitikise."

Bibi Tembo akambeba juu ya paji la uso mpaka kinamasini. Chura akateleza majini, akazama, akaibuka katikati, akakunja uso.

"Nani aliyekojoa kwenye maji yangu?"

Wote wakamtazama Nyati. Nyati akatazama juu, kama aliyegundua ndege wa ajabu.

Jioni ile walipatana, na Sange ndiye aliyetaja masharti, moja moja, akirudia mpaka kila mtu akayasema bila kukosea. Nyati na watu wake wakae ukingo wa chini wa msitu wa ukungu na wapite njia moja tu kwenda kunywa. Pembe zikunwe kwenye jiwe, si kwenye miti yenye ndevu. Nguruwe apewe tope lililo chini ya kijito, si juu yake. Bibi Tembo akae anapotaka, maana yeye hutazama kwanza kabla ya kukanyaga.

Nyati alikubali yote. Alipokuwa akiondoka alisimama.

"Sange," alisema. "Na lile joto? Likifika hadi huku?"

"Linafika, Mjomba. Leo ukungu haukuja."

"Utalifanyia hila gani?"

"Sina," alisema Sange. "Joto haliapi kwa pembe, wala halina wake wa kulitazama. Tukiwa wengi na kila mtu yuko kazini kwake, miti itashika maji siku nyingi zaidi. Hayo ndiyo ninayoyajua."

Nyati alitikisa kichwa chake kilichovimba. Hakucheka, wala Sange hakucheka. Kisha akawaita wake zake, akawaongoza kwenda chini, mmoja nyuma ya mwingine, kwa njia ile moja.

Na funzo lake, watoto, ni hili: anayemfukuza jirani mdogo ili apate nafasi, huipata nafasi hiyo pamoja na kazi yote asiyoiweza.